Neno la Hongo: Juu ya Matamshi ya Mchezaji katika "Kinjeketile"

Katika mchezo wa Kinjeketile, ulioandikwa na Ebrahim Hussein na kuchapishwa na Oxford University Press mwaka 1969, pana maneno machache ambayo mchezaji mkuu hupaswa kuyasema kana kwamba si yake. Kinjeketile amekwisha kuvutwa mtoni na nguvu isiyoonekana, amekaa chini ya maji hata watu wakakata tamaa, naye ametoka salama. Sasa Hongo yumo kichwani mwake. Anawataka watu wa makabila mbalimbali waungane, anawapa habari ya maji yatakayowakinga na risasi za Wadachi, kisha linamtoka neno moja jingine: kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Baadaye, akili ikiwa imemrudia, neno hilo hilo linamtisha yeye mwenyewe kuliko bunduki yo yote. Basi lisemwe kwa sauti gani, na kwa lafudhi ya nani? Mwandishi hakuliamua jambo hili kwa mchezaji. Wengi hulipita kana kwamba ni jambo la mapambo, nalo ndilo nguzo ya nyumba.

Wachezaji waliolelewa na sinema kuliko jukwaa huona kwamba njia ni nyeupe. Mtu aliyepagawa, husema, si mtu wa kawaida. Kwa hiyo akorome, ameze maneno, atoe sauti ya kooni, na juu ya hayo atiwe lafudhi ya ajabu isiyojulikana ilikotoka, ili mtazamaji apate kusisimkwa. Mtindo huu una wazazi wanaojulikana. Mwaka 1972 Marlon Brando, katika filamu ya The Godfather, alimcheza mzee wa genge la majambazi kwa sauti ya mkwaruzo, mashavu yakiwa yamejazwa kwa kifaa alichotengenezewa na daktari wa meno, na maneno yakimtoka kama mtu anayetafuna ugali. Miaka arobaini baadaye Tom Hardy, katika The Dark Knight Rises ya mwaka 2012, alisema maneno yake yote nyuma ya kinyago kilichofunika mdomo, tena kwa lafudhi ambayo yeye mwenyewe alieleza kuwa aliipata kwa Bartley Gorman, bondia wa ngumi tupu wa jamii ya wasafiri wa Ireland na Uingereza. Sehemu ya kwanza ya filamu hiyo ilipoonyeshwa mwishoni mwa mwaka 2011, watazamaji walilalamika kwamba hawakusikia kitu, na sauti ikarekebishwa kabla ya filamu kamili kutoka. Lafudhi yenyewe haikuwa na kosa, maana ilikuwa na mwenyewe, mtu wa kweli aliyewahi kusema hivyo. Kilicholalamikiwa kilikuwa kinyago.

Wanaomfuata Brando husahau jambo moja. Mwaka 1953, katika filamu ya Julius Caesar, alimcheza Antony, na wengi walikuwa wamengoja kwa kejeli wasikie atakavyoyamung'unya maneno ya Shakespeare. Aliyasema waziwazi, neno kwa neno. Hotuba ile ya Antony mbele ya maiti, ambayo wasomaji wa Kiswahili wameijua tangu tafsiri ya Julius Nyerere ya mwaka 1963, hujengwa kwa kurudia-rudia neno lile lile la sifa mpaka ligeuke kuwa tusi. Na neno lisilosikika mara ya kwanza haliwezi kugeuka mara ya nne. Yaani Brando alijua wapi mdomo ufungwe na wapi ufunguliwe. Kumung'unya kwake kulikuwa ni kuchagua, wala hakukuwa ugonjwa. Tena nyuma yake palikuwapo mikrofoni, chombo kinachoweza kunasa pumzi ya mtu na kuipeleka hata kiti cha nyuma kabisa. Jukwaa la shule, la kiwanja cha kijiji au la ukumbi wa chuo halina huruma hiyo.

Hata hivyo, kizuizi kikubwa zaidi kimo ndani ya lugha yenyewe. Katika Kiingereza mtu aweza kulimeza nusu ya neno na maana ikabaki, maana huko nafsi na wakati mara nyingi ni maneno yanayojitegemea, na mpangilio wa sentensi humsaidia msikilizaji kubahatisha. Kitenzi cha Kiswahili hupakia mizigo yake yote mbele: nafsi, wakati, mtendwa, ukanushi, vyote vimo katika silabi fupi zinazotangulia shina, na mkazo wa sauti hauko huko, uko katika silabi ya pili toka mwisho. Amung'unyaye Kiswahili kwa kufuata mdundo wa mkazo atabakiwa na mashina matupu. Atasikika kwamba pana kuambia. Asisikike nani kamwambia nani, wala lini, wala kama aliambiwa kweli.

Na litazamwe neno lenyewe la Hongo. Tofauti kati ya "watakuwa watoto" na "hawatakuwa watoto" ni silabi moja tu, ha, iliyo mwanzoni mwa neno, isiyo na mkazo, na ambayo konsonanti yake ni pumzi tu. Hakuna silabi iliyo dhaifu kuliko hiyo mdomoni mwa mchezaji anayekoroma. Mwenye kuzikoromea sentensi zote amemwachia mtazamaji achague mwenyewe kama Hongo ameahidi utawala wa Sultani au ameukana. Pengine mtazamaji atachagua vizuri. Lakini hapo mchezo umeandikwa upya na mtu wa safu ya nyuma mwenye masikio mazito.

Kuna madhara mengine katika jina lenyewe. "Seyyid" na "Said" ni maneno mawili yanayofanana kwa s na d zake, na mdomo mvivu huyafanya kuwa moja, likatoka kitu kama "Saidi" tu. Akina Saidi wamejaa pwani yote toka Kilwa hata Lindi. Kuwa mtoto wa Saidi si unabii wo wote, ni habari ya nyumba ya jirani. Cheo ndicho kinachomtoa mtu huyu katika watu na kumweka katika enzi. Y mbili za "Seyyid" zikifa, enzi imekufa.

Labda mtu atapinga kwa kusema kwamba watu wa pwani wenyewe humeza maneno, na ya kwamba Kiswahili kinachotamkwa silabi kwa silabi ni cha darasani. Ni kweli, nayo hoja hii yastahili kujibiwa vizuri, kwa kuwa ndani yake mna somo kubwa kwa mchezaji. Pwani humeza, lakini humeza kwa kanuni. Adam Shafi alipokiita kitabu chake Vuta N'kuvute, kilichotoka mwaka 1999 na kufanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021, aliuandika umezaji huo juu ya jalada kwa alama ya ritifaa: nikuvute imekuwa n'kuvute. Vokali imekwenda, lakini n haikwenda; imebaki imesimama peke yake, imepata pigo lake, na huchukua wakati ule ule uliochukuliwa na silabi nzima. Washairi walijua hivyo kabla ya wanaisimu, maana katika kuhesabu mizani n' ya namna hii huhesabiwa kama ilivyo m ya mtu. Kilichomezwa kimelipiwa. Mmung'unyaji hameza hivi. Yeye hupoteza pigo pamoja na sauti, na sentensi yake huwa fupi kuliko inavyopasa, kama kitambaa kilichorowa kikaruka. Mwenye sikio hutambua mara moja kuwa huyu hasemi kipwani, anasema ovyo.

Na watu wa Kilwa Kisiwani hawana namna moja ya kusema, kama wasivyo nayo watu wo wote. Mzee aketiye barazani na mwenzake waliyejuana tangu utoto husema nusu, na nusu nyingine huachiwa mkono na jicho. Mtu huyo huyo akiwa katika mashua, na mwenzake yuko katika ngalawa ng'ambo ya mkondo, huvuta vokali mpaka zifike, wala hapotezi hata silabi moja, kwa kuwa upepo hauna adabu ya kungoja. Mchezaji atakaye kujifunza lafudhi ya huko na aanze kwa kuuliza mtu wake anasema na nani, na kwa umbali gani. Kinjeketile anaposema neno la Hongo, hasemi barazani. Anasema na umati, tena umati wa watu ambao Kiswahili kwa wengi wao ni lugha ya pili. Kwa hesabu ya umbali, yuko baharini.

Inafaa kukaa kidogo hapo Kisiwani, kwa kuwa neno la Hongo halisikiki popote kama linavyosikika huko. Mgeni afikaye kwa chombo huiona kwanza Gereza, ngome iliyoanzwa na Wareno mwaka 1505 na kujengwa upya katika enzi ya Waarabu wa Oman. Nyuma yake yako magofu ya Msikiti Mkuu, na mbali kidogo, juu ya genge la bahari, Husuni Kubwa. Ibn Battuta aliufikia mji huu mwaka 1331 akamkuta Sultani wa nchi katika fahari yake. Usultani wa Kilwa ulikatwa katika miaka ya 1840, nao ulikatwa na Seyyid Said. Sultani wa mwisho alichukuliwa akapelekwa Maskati. Kwa hiyo mtu wa Kisiwani akiambiwa kwamba atakuwa mtoto wa Seyyid Said, hapewi habari ngeni. Anaambiwa kwamba ukuta ule ulioko ufukweni utapata mwenyewe tena.

Lakini jina hilo halikuwa na sauti moja kwa kila sikio. Kwa jamaa za waliopitishwa Kilwa Kivinje katika biashara ya watumwa, lilikuwa jina la soko. Kwa mkulima wa Umatumbi mwaka 1905, aliyelimishwa pamba kwa kiboko na kudaiwa kodi ya nyumba, huenda lilikuwa jina la siku zilizopita ambazo hazikuwa na pamba wala akida, na siku zilizopita huwa tamu kwa aliyeko taabuni. Tena Seyyid Said mwenyewe alikuwa amekufa tangu 1856. Hongo alitoa ahadi ya kuwa mtoto wa marehemu. Ubora wa mwandishi umo hapo: kalitupa neno moja katika umati, na kila mtu amelipokea kwa historia yake, wengine kwa shangwe, na yule aliyelisema kwa hofu. Ili watu wasikie tofauti, sharti kwanza wasikie sawa. Mchezaji akilifunika neno kwa mkoromo, tofauti za wasikilizaji zitaonekana zimetokana na masikio yao; nazo zimetokana na makaburi yao.

Je, basi mtu aliyepagawa aseme kama mtangazaji wa redio? Hapana. Mwenye kutaka mfano hana haja ya kwenda Marekani, maana ngoma za pepo za pwani humfundisha vya kutosha. Pepo apandapo kichwani mwa kiti chake, kwanza huguna, hutetemeka, hutoa maneno yaliyovunjika ambayo hayana mwenyewe; watu huvumilia, ngoma huendelea. Kisha fundi humwuliza jina. Hapo ngoma hupungua na kila mtu hutega sikio, kwa kuwa jina lisipotajwa waziwazi hakuna linaloweza kufanywa: haijulikani ataka nini, apewe chano gani, atulizwe kwa wimbo upi. Mkoromo una mahali pake, nao ni kabla ya jina. Hongo wa mtoni si pepo wa pwani, na ibada yake ilikuwa na mizizi mingine. Lakini mwenendo huu wa sauti, toka giza kwenda kwenye jina, ndio unaoufaa mchezo, na watazamaji wengi wa pwani watautambua bila kuelezwa. Mchezaji na agune atakavyo anapotoka mtoni. Afikapo kwenye maneno "Seyyid Said", ayaache yatoke wazi, mazito, kama mawe yaliyotolewa majini, na lafudhi yake hapo ibadilike: y mbili zitamkwe zote, kwa sauti ya mtu aliyesoma, sauti isiyokuwa ya Kinjeketile. Hapo ndipo ugeni wa lafudhi una kazi. Mtazamaji atajiuliza neno hili limetoka kinywani mwa nani, na swali hilo ndilo atakalojiuliza Kinjeketile mwenyewe.

Pana sababu ya kihistoria pia ya kuheshimu sauti ya chini, isije ikadhaniwa kwamba kila mnong'ono ni kosa. Wazee wa Umatumbi waliohojiwa juu ya vita ile, ambao maneno yao yalitolewa na G. C. K. Gwassa na John Iliffe mwaka 1968, walieleza kwamba habari ya maji ilipita kwa siri toka mtu hata mtu, nao waliita jambo hilo njwiywila. Kwa miezi mingi kabla ya vita nchi ilinong'ona. Mnong'ono huo ulivuka mipaka ya makabila ambayo ngoma na tarumbeta zisingaliivuka, na mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa pamba. Laiti ungalikuwa mnong'ono usiosikika, pamba ingalibaki shambani. Anong'onaye jambo la kufa na kupona huchunga kila silabi kuliko apigaye kelele, kwa kuwa hawezi kurudia. Hilo ni zoezi jema kwa mchezaji: kusema chini, na kusikika.

Limebaki jambo la lafudhi ya kabila, ambalo ndilo chungu zaidi. Katika vichekesho vya Dar es Salaam ni kawaida kumtambulisha mtu wa Kusini kwa kuzigeuza r zote kuwa l na kuivuta silabi ya pili toka mwisho mpaka ukumbi ucheke. Kicheko si dhambi. Lakini mchezaji akiichukua lafudhi hiyo ya sokoni akamvika Kinjeketile, akidhani amemfanya Mmatumbi wa kweli, amefanya mambo mawili mabaya kwa pamoja. Kwanza, si lafudhi ya Wamatumbi; ni ya mchekeshaji anayeigiza mchekeshaji mwingine. Kimatumbi ni lugha ya toni, tena yenye vokali ndefu na fupi zinazotofautisha maana, mambo ambayo Kiswahili hakina, na mwenye lugha hiyo akisema Kiswahili huenda akakiletea muziki wake, wala si kasoro zake tu. Pili, Hussein aliwaandikia watu wake wote Kiswahili sanifu. Yeye ni mzaliwa wa pwani hiyo hiyo ya Kusini, wa mwaka 1943. Angalitaka kuwatia lahaja asingalikosa mwalimu. Yaonekana hakutaka Mngindo, Mkichi na Mmatumbi watenganishwe na ndimi zao katika mchezo ambao shabaha yake ni kuungana kwao.

Hii haina maana kwamba mchezaji aliyezaliwa Umatumbi au Kilwa ajisugue ulimi mpaka asikike kama wa Unguja. Kwake yeye lafudhi ni mwili, haikuvaliwa. Na ikumbukwe kwamba mmoja wa wachezaji wa kwanza kabisa wa sinema za Kiswahili katika Tanganyika, aliyecheza katika Muhogo Mchungu mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikuwa Rashidi Kawawa, mtu wa Songea, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu. Kusini hakukuanza kuonekana katika sinema kwa kuchekwa. Kwa upande wa Kilwa hasara ni kubwa zaidi, maana Kimgao, lahaja ya pwani hiyo, kimeandikwa kidogo mno. Wanafunzi wengi wa lugha hulijua jina lake tu katika orodha ya lahaja. Lahaja isiyoandikwa ikiingia katika filamu kwa mdomo wa mtu asiyeijua, nakala ya uongo huenda ikadumu kuliko ya kweli. Afadhali sanifu tupu.

Kishawishi cha mwisho humngoja mchezaji katika onyesho la kufungia. Kinjeketile wa historia alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza, na vita ikaendelea bila yeye mpaka ikala watu ambao Wadachi waliwakadiria 75,000 na wanahistoria wa baadaye zaidi ya mara tatu ya hao. Kinjeketile wa mchezo yumo kifungoni, amepigwa, na anatakiwa aseme jambo moja tu: kwamba maji yalikuwa uongo. Mchezaji wa sinema hapa atakuwa na hoja yenye nguvu. Mtu aliyepigwa mdomo umevimba. Ukweli wa mambo wadai amung'unye. Tena hapa hakuna Hongo, ni mtu na maumivu yake, na kamera ikimsogelea, pumzi yake tu yatosha.

Hoja hiyo ikubaliwe katika mwili, ikataliwe katika ulimi. Na achechemee, na ashike ubavu, na atafute pumzi kati ya sentensi na sentensi. Lakini mtu huyu aliyeuanza mchezo kwa kutamka neno lisilo lake anaumaliza kwa kukataa kutamka neno analoambiwa ni la kweli, kwa sababu ameona litakavyotumiwa juu ya watoto ambao hawajazaliwa. Sababu yake aieleza kwa maneno machache, na katika maneno hayo viambishi vidogo, vile vya nafsi na vya wakati ujao, ndivyo vinavyobeba watoto hao. Mchezaji akivimeza, Kitunda aliyefungwa pamoja naye huenda bado akamwelewa, kwa kuwa yuko karibu. Aliyeketi nyuma ya ukumbi ataona mfungwa mkaidi anayeguna, na mnyapara akiondoka.